Maji Niliyoyameza

Voi, Jumapili jioni

Mghoi mwanangu,

Umekwenda Maungu kumuaga shangazi yako, na najua huyo hatakuachilia kabla hujala hadi ushindwe kuinuka. Kwa hiyo nina muda. Sanduku lako limesimama karibu na mlango tangu asubuhi. Nimechoka kulitazama, basi nimeligeuzia mgongo, nikakaa kwenye meza ya baba yako kukuandikia.

Sitakuandikia habari za soksi. Soksi zimo ndani, zile za sufu, na dawa ya kifua iko kwenye mfuko wa pembeni. Mambo ya baridi, ya chakula, ya kulala mapema na ya kutafuta kanisa umeyasikia tangu ulipojua kusikia, na kama hayakukuingia mpaka leo, karatasi hii haitakusaidia. Nataka kukuandikia lile jambo uliloniuliza Alhamisi nikalikwepa. Barua nitaitia katikati ya hizo soksi. Utaikuta huko utakapozihitaji.

Alhamisi ulikuwa unaanika nguo. Ukasema bila kunitazama, "Mama, kabla sijaenda, utanitasia?"

Nikakujibu, "Mchungaji amesema watakuombea kanisani. Inatosha."

"Sawa," ukasema.

Hiyo sawa yako naijua, umeirithi kwa baba yako. Ni sawa ya mtu aliyeumia na hataki kukusumbua.

Wewe umekulia hapa Voi, kutasa umekuona mara chache, na labda unadhani ni baraka tu kama baraka nyingine. Mzazi anatia maji kinywani, anamnyunyizia mtoto, anasema maneno mazuri, mtoto anaenda zake. Lakini kwetu juu, Wusi, nilikozaliwa, maneno yale hayakuwa maneno mazuri tu. Anayetasa anasema kwamba hasira yote iliyokuwa moyoni mwake ameitema pamoja na maji, haikubaki hata chembe. Mama yangu alikuwa akisema hasira ya mzazi iliyofichwa humfuata mtoto popote, nayo haihitaji pasipoti. Na anayetema maji huku amekunja moyo amemdanganya mtoto wake, na waliomtangulia wamemwona. Mchungaji wetu hayapendi mambo haya, nami sibishani naye, namwitikia amina. Lakini mwacha mila ni mtumwa, na kuna mambo niliyoyanyonya kabla sijaijua Biblia.

Kwa hiyo nilipokukatalia, sikukataa kwa sababu ya mchungaji. Nilikataa kwa sababu nina hasira nawe.

Haya, nimeliandika.

Usidhani sikujaribu. Ijumaa uliposhuka mjini nilichukua kile kikombe cha bati cha baba yako, chenye ukingo wa buluu, nikaenda nyuma ya nyumba, nikajaza maji kinywani. Nikataka kuanza na jina lako. Maji yakakaa mdomoni mpaka yakapata joto, na mwisho nikayameza. Jana nikarudia, nikayameza tena. Mwanamke mzima nimesimama kando ya banda la kuku, mashavu yamevimba, kuku wananitazama. Ungeniona ungecheka, nami ningekurushia kandambili.

Tangu hapo najiuliza hasira yenyewe ilianza wapi. Nilikuwa na jibu jepesi, nalo ni Chala.

Unakumbuka mwezi uliopita uliponiambia, "Mama, twende Chala. Baba alitaka sana." Nilikubali kabla hujamaliza. Kila likizo ya Agosti baba yako aliniomba twende tukalione lile ziwa, sisi watatu, na kila Agosti nilikuwa na sababu. Kuku wanaatamia. Chama kinakutana kwangu. Mama anaumwa Wusi. Ziwa liko hapa hapa katika kaunti yetu, watu wanatoka Ulaya kuja kuliona, na mimi nilikuwa na kuku. Basi safari hii nikavaa gauni la kanisani. Tukapita Mwatate, tukapita Bura na Maktau, na mbele kidogo Kilimanjaro ukavua wingu kichwani, nami nikakugusa bega kana kwamba hujawahi kuuona. Taveta tukanunua ndizi za Mboghoni, tukala njiani kama watoto wa shule.

Nilitarajia kuona ziwa, nikaona shimo. Tulisimama ukingoni, mawe yameteremka wima pande zote, na chini kabisa maji ya buluu yaliyochanganyika na kijani, yametulia. Ukaanza kueleza, na sauti ilikuwa ya baba yako mtupu. Hakuna mto unaoonekana ukiingia, ukasema, na hakuna unaoonekana ukitoka. Mvua inanyesha kwenye Kilimanjaro, inazama ardhini, inatembea chini kwa chini hadi hapa, na hapa tena inaondoka vivyo hivyo bila mtu kuiona. Ukanyoosha kidole: upande huu Kenya, ule Tanzania, mpaka unapita juu ya maji.

"Na samaki wanaonyesha kitambulisho wapi?" nikakuuliza.

Ulicheka. Mimi pia nilicheka. Nilikuwa na furaha, Mghoi, nataka ulijue hilo. Moyoni nilikuwa namwambia baba yako, haya Mwalimu, nimekuja, uniache sasa.

Ndipo ukasema, "Mama, nimepata ile nafasi."

"Nafasi gani?"

"Ya Aisilandi. Si nilikuambia niliaplai? Kusomea mambo ya mvuke wa ardhini. Miaka miwili."

"Halafu?"

Ukaokota kijiwe, ukakitupa chini majini.

"Nimekuuliza, halafu?"

"Wakinipa kazi nitakaa, Mama. Sitaki kukudanganya."

Hapo nikaona kwamba haikuwa safari ya baba yako. Ilikuwa safari ya kuniambia. Nikakwambia, "Umenileta kwenye shimo ili nisipate pa kukimbilia?" Ukasema, "Hapana Mama, nilitaka tu tuwe mahali pazuri." Na mimi nikasema lile neno: "Nenda. Hata baba yako alikwenda, wala hakuaga."

Maji yakimwagika hayazoleki. Nilikuona ulivyobadilika uso. Taveta uliniletea soda, nikaishika mkononi mpaka Voi bila kuifungua.

Kwa hiyo nilidhani hasira yangu ni hiyo, kwamba mtoto wangu wa pekee anakwenda kuishi mahali ambapo sitafika, na kwamba aliniambia kwa hila. Lakini wiki zimepita, hila nimekusamehe, maana hata mimi ningekuwa wewe ningejiambia nitafute ukingo wa kusimamia. Hasira haikutoka. Basi nikachimba chini zaidi, nikamkuta baba yako.

Sijawahi kukueleza jioni zile zilivyokuwa kwa upande wa jikoni. Wewe unazikumbuka kwa upande wa meza. Baba yako alikuwa mwalimu wa jiografia ambaye hakuwahi kuvuka mpaka hata hapo Holili kununua vitunguu, lakini dunia aliijua kama mtu anavyojua shamba lake. Mkishakula kidogo, anaanza. "Mghoi, nchi gani ya Afrika imezungukwa yote na nchi moja?" Nawe meno ya mbele yameng'oka, unapiga kelele, "Lethotho!" Anafurahi mpaka anagonga meza. "Lesotho! Imebebwa ndani ya Afrika Kusini kama mtoto kwenye mbeleko. Na jangwa kubwa kuliko yote?" Unasema Sahara. Anatikisa kichwa. "Antaktika. Jangwa si mchanga, mwanangu. Jangwa ni mahali pasipopata mvua wala theluji ya kutosha."

Na mimi kutoka jikoni, "Jangwa la barafu! Kuleni ugali huo kabla nao haujawa barafu."

Mlikuwa mnacheka sana mkisikia hivyo. Mimi nilidhani mnanicheka.

Kuna wiki nzima uliosha vyombo ukiimba Chimborazo. Alikwambia Everest ndio mrefu ukipimwa kutoka baharini, lakini kwa kuwa dunia imetuna kiunoni, kilele kilicho mbali zaidi na kiini chake ni Chimborazo, kule Ekwado. Nilikasirika na wimbo huo. Halafu sokoni, napima pojo, nikajikuta mimi mwenyewe naunong'ona. Mteja akaniuliza nimesema nini. Nikamwambia nimekohoa.

Hata nchi yetu alikuwa akiigeuza mpaka siitambui. Aliwahi kukusimamisha uani akakuonyesha milima yetu ya Taita na kusema hii ni mizee, mizee kweli, Kilimanjaro mbele yake ni kitoto cha juzi kilichorefuka haraka. Alikwambia ule uwanda mrefu wa Yatta ulionyooka upande wa kaskazini ni lava iliyomwagika na kuganda, kati ya zile ndefu kuliko zote duniani, na watu wanapita kwenda Mombasa kila siku hawajui. Alikwambia mvua ya vilima vya Chyulu inaingia kwenye mawe ya volkano, inachujwa huko, inatokea kwenye chemchemi za Mzima ikiwa safi ya kunywa, kisha inapigwa bomba mpaka Mombasa. Nikamwuliza ikiwa bomba linapita hapa, kwa nini mfereji wangu unakohoa hewa tupu. Akasema, "Hilo si swali la jiografia, Mama Mghoi. Hilo ni la siasa." Nilimrushia kitambaa cha vyombo.

Na ndiye aliyekuletea Aisilandi. Ulikuwa darasa la nne au la tano. Alikwambia ni kisiwa kilichokaa juu ya ufa, ardhi huku inavutwa na kule inavutwa, polepole kama kucha zinavyoota, na katikati panatoka ardhi mpya ya moto. Kwamba watu wanapasha nyumba zao kwa maji yaliyochemka yenyewe chini. Kwamba Juni usiku hauji vizuri, na Desemba jua huchungulia tu likarudi kulala. Hayo yote uliyasikiliza ukitafuna. Lakini kilichokushika ni majina.

"Wale hawana jina la ukoo," alisema. "Mtu ni mtoto wa fulani, basi."

"Mimi ningeitwa nani?"

"Mghoi binti Mwadime."

Ukafikiri. "Na Mama hayumo?"

"Ukitaka, unaweza kuchukua hata la mama yako. Wako wanaofanya hivyo."

Ukageuka kwenye mlango wa jikoni, macho yameng'aa. "Mama! Mghoi binti Mkamburi!"

Nami nikasema, "Msiniingize kwenye mambo yenu."

Ndio maana nilimkasirikia, na sijui ni mwaka wa ngapi sasa, bado namkasirikia. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Alikulea ukiangalia nje. Kila jioni alikupakulia dunia kwenye sahani, kisha akafa, akaniachia mimi kuvuna alichopanda. Huwezi kugombana na maiti. Ukijaribu watu watasema umechanganyikiwa. Basi nikagombana nawe uliye karibu.

Ningependa niishie hapo, maana hapo mimi ndiye niliyeonewa. Lakini leo nimekaa mezani.

Unavijua viti hivi vitatu. Alivitengenezesha kwa fundi tulipohamia hapa, kimoja chake, kimoja changu, kimoja cha mtoto tuliyemngoja kwa miaka mingi mpaka ukaja. Mchana huu nilipovuta kiti niandike, nikaviona kama sijawahi kuviona. Chako kimechubuka na kimeandikwa kwa kalamu. Chake kimezama katikati, rangi imekwisha. Cha tatu kinang'aa. Vanishi yote iko pale pale, kama ametoka nacho kwa fundi jana. Ni kiti changu, Mghoi. Nimeishi nacho miaka yote hii, na chakula changu nimekula jikoni juu ya kigoda.

Hakuna aliyenifungia nje. Kila jioni baba yako alikuwa akisema, "Na Mama Mghoi aulize," nami najibu nina vyombo. Sikuwa na vyombo vya jioni nzima, jamani, sahani tatu na sufuria. Nilikuwa naogopa. Shule niliachia darasa la saba, na niliona nikikaa hapo nitaulizwa kitu, nitakosea, na mtoto wangu ataona kwamba mama yake hajui. Basi nikajifanya ninayedharau. Ni rahisi sana kudharau, hata hakuchoshi. Ukidharau jambo muda mrefu, watu huacha kukukaribisha, na wewe unaanza kuwakasirikia kwa kutokukaribisha. Baba yako hakuacha kunikaribisha. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Wewe ulikuwa chuo alipolazwa. Nilikwambia kwa simu kwamba aliondoka kwa amani, na ni kweli, lakini sikukwambia yote. Siku ya mwisho aliyoweza kusema, mchana, nimemshika mkono, alifungua macho akasema, "Mama Mghoi, niulize moja."

"Moja nini?"

"Yoyote. Moja tu."

Nikamwambia, "Mwalimu, nyamaza upumzike."

Akanyamaza. Alinitii, yeye aliyekuwa hanitii katika lolote. Kesho yake hakuwepo.

Na mimi nikasimama pale Chala nikakwambia baba yako hakuaga. Aliaga. Aliniaga kwa lugha yake, lugha niliyoisikia jikoni kwangu kila siku, na nikamwambia anyamaze. Hasira ninayoizungusha kinywani wiki hii yote ni hiyo. Ni yangu mwenyewe. Nimekupa wewe uibebe kwa sababu ulikuwa unafunga mizigo.

Sasa nikueleze jambo moja kuhusu babu yako, baba yangu, halafu nitanyamaza.

Siku nilipotolewa Wusi kuolewa, watu walikusanyika, gari limekuja, mimi nimevaa, na baba haonekani. Alikuwa hataki niolewe huku chini kwenye joto, na mwalimu asiye na shamba. Alikuwa amejificha kwenye zizi la mbuzi. Mama akaenda kumwita, akarudi peke yake. Akaenda tena. Wageni wakaanza kutazamana. Niliaibika, nikamchukia, nikasema huyu mzee anataka kuniharibia siku yangu. Jua lilikuwa limeshapinda alipotoka, mavi ya mbuzi kwenye viatu vyake vizuri, na kibuyu cha maji mkononi. Akasimama mbele yangu. Akasema, "Nilikuwa na hasira. Nimekaa nayo kule mpaka imekwisha." Akanitemea, gauni langu likalowa kifuani, wanawake wakapiga vigelegele, nikaondoka.

Miaka mingi nilisimulia kisa hicho kuonyesha jinsi mzee alivyokuwa mkaidi. Leo ndipo nimemwelewa. Angeweza kutoka mapema, akarusha maji, akasema maneno, watu wakashangilia, na hakuna ambaye angejua. Alichelewa kwa sababu alikataa kunidanganya. Zizi lake lilikuwa lile. Langu, naona, ni karatasi hii.

Sina mawaidha makubwa ya kukupa. Huko uendako watakualika kwenye meza zao, na watakuwa wanaongea mambo usiyoyajua, kwa lugha inayosikika kama mtu anatafuna karanga mbichi. Kaa. Ukikosea jibu, cheka nao. Usiende kuosha vyombo. Na ukizaa huko, kama utazaa, na mtoto akakuita kutoka chumba kingine akiwa amekuunganisha na jina lake, acha sufuria iungue.

Nimeanza kuwa na maswali, ujue. Yamenijia mengi tangu mchana, yamechelewa kama mvua ya vuli. Jua lisipozama, watu wanajuaje wakati wa kufunga duka? Kuku wanalala saa ngapi? Baba yako alisema miti ni michache, waliotangulia waliikata. Sasa ndege wanakaa wapi? Na hiyo ardhi inayovutwa huku na kule, mtu aliyesimama katikati anahisi? Utanijibu kwa simu. Usinijibu yote siku moja. Niachie mengine ya kesho yake, ili uwe na sababu ya kupiga.

Kuna jambo nimelielewa nikiandika, na ningependa ulichukue hata ukiacha soksi. Nilidhani siwezi kukutasia mpaka niwe sitaki kulia. Nilikuwa nangoja moyo ukauke. Lakini baba yangu alipotoka zizini macho yake yalikuwa mekundu, na alinitemea hivyo hivyo akilia. Kutasa kunatoa hasira. Huzuni hakuigusi, wala haikuombwa itoke. Huzuni yangu nitabaki nayo hapa, ni haki yangu, nitaiweka kwenye kiti chako na nitakula nayo. Kwa sababu nitakula mezani sasa. Nimekaa kwenye hiki cha tatu tangu mchana, na kinauma mgongo kwa kuwa hakijanizoea.

Sitaki uende, Mghoi. Nalisema wazi ili usije ukadhani huko mbali kwamba mama yako alikuruhusu kirahisi. Naona nyumba hii itakavyokuwa kesho, Jumatatu jioni, ukiwa umeondoka, na natamani kuficha hati zako chini ya mtungi. Lakini hasira sina. Nimejitafuta kila mahali wakati naandika, kama mtu anayetafuta kupe kwenye mbuzi, na sikuipata.

Jua limeanza kuingia nyuma ya milima yetu mizee. Nimekwenda nyuma nikachota maji kwenye kile kikombe cha bati, kiko hapa karibu na mkono wangu, kimejaa. Nasikia geti. Ni wewe, unabishana na lile komeo kama kawaida, na umebeba kitu kizito, bila shaka shangazi yako amekupa maembe ya kumpelekea mzungu.

Naweka kalamu. Usiketi kwanza, mwanangu, wala usivue viatu. Weka hayo maembe chini, njoo uani, usimame mbele yangu.

Utalowa kidogo.